Namna Bora ya Kupoteza Harusi ya Watu

Kamati imekaa vikao tangu Machi. Michango imefuatiliwa kwa simu, kwa meseji na kwa kuviziana nje ya kanisa. Ukumbi umelipwa, ndafu imekatwa, mama wa bwana harusi amecheza mpaka kilemba kikadondoka, na baba wa bibi harusi, mzee ambaye hakuna aliyewahi kuona chozi lake, amelia mbele ya maikrofoni. Yote hayo sasa yamo ndani ya kadi ya memori yenye ukubwa wa stempu, na kadi yenyewe iko mfukoni mwako pamoja na chenji ya bodaboda.

Wapo wanaoamini kwamba video ya harusi hupotea kwa ajali: kompyuta imekufa, diski imeanguka, mwizi kaingia. Hao wanaipa ajali sifa isiyostahili. Ajali huondoka na nakala moja tu. Ili harusi nzima ipotee, na isipatikane tena hata kwa dua, lazima fundi video awe ameiandalia njia mapema, taratibu, kwa mazoea. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Ukiufuata bila kuruka hatua, hakuna harusi itakayokushinda, iwe ya uani Mbagala au ya ukumbi wa viyoyozi Mikocheni.

Hatua ya 1: Usiku uleule, usifanye lolote

Umefika nyumbani saa tisa usiku. Mgongo unauma, miguu imevimba, na pilau uliyofungiwa imepoa. Hapa ndipo washamba huchomeka kadi kwenye kompyuta na kuinakili kabla hawajavua viatu. Wewe lala. Kesho kuna sendofu Tabata na kadi ni hiyohiyo. Ukifika kule, kamera itakwambia kadi imejaa. Usibabaike, kuna sehemu ya kufomati. Bonyeza.

Angalizo: kufomati peke yake hakutoshi. Mara nyingi kamera ikifomati hufuta orodha tu. Video zenyewe bado zimo, na mjuaji mmoja mwenye programu ya bure kama PhotoRec anaweza kuzifukua. Kwa hiyo usiache kurekodi. Rekodi mapambo, rekodi keki, rekodi MC akijaribu spika, mpaka sendofu ya leo iwe imelala juu ya harusi ya jana yote. Hapo hata fundi wa Kariakoo mwenye meza tatu na vijana sita atakurudishia kadi yako kwa pole.

Wala usijione mdogo. Julai 1969 binadamu alikanyaga mwezini, na mitambo iliyopokea matangazo hayo duniani iliyarekodi kwenye kanda zenye picha safi kuliko ile iliyowafikia watu kwenye televisheni. Kanda hizo zilipokuja kutafutwa hazikuonekana, na mwaka 2009 NASA ilieleza kwamba inaelekea zilifutwa ili zitumike tena, maana kanda zilikuwa haba. Ikiwa mwezi ulirekodiwa kitu kingine juu yake, sembuse nasaha za mjomba.

Hatua ya 2: Kama umenakili, changanya

Tuseme umeteleza na kunakili. Bado hujaharibikiwa. Harusi yenye hadhi hupigwa kwa kamera mbili, na kamera mbili za Sony zikiwekewa kadi zilizofomatiwa, mara nyingi zote mbili huanza kuhesabu upya: C0001, C0002, C0003. Kwa hiyo unayo C0001 ya bibi harusi akivishwa shela nyumbani, na unayo C0001 ya bwana harusi akishuka kwenye gari. Chukua zote, zimwage kwenye folda moja. Kompyuta itasita na kukuuliza kama unataka faili jipya lichukue nafasi ya lile la zamani. Wewe una haraka. Kubali, na uweke alama kwamba ifanye hivyohivyo kwa mafaili yote yaliyobaki. Shela imeondoka kwa kubofya mara moja, bila jasho.

Usihesabu mafaili kabla na baada. Usilinganishe ukubwa wa folda ya kadi na ukubwa wa folda ya kwenye kompyuta. Mtu anayehesabu hugundua, na kugundua mapema ndicho kitu pekee kinachoweza kukuharibia kazi hii.

Hatua ya 3: Andika majina unayoyajua wewe tu

Kila kitu kiweke kwenye uso wa kompyuta, pale mbele, juu ya picha ya mwanao, mpaka mtoto asionekane. Folda ya kwanza iite HARUSI. Ya pili HARUSI MPYA. Ya tatu, baada ya mteja kuja na marekebisho, HARUSI MPYA YA MWISHO. Kisha shangazi atapiga simu. Kuna dada mmoja aliyekaa meza ya nne, aliyewahi kuchumbiwa na bwana harusi, na ambaye kwa sababu usizozieleza kwa mtu umemrekodi sana kwa karibu. Shangazi anataka aondolewe. Muondoe, hifadhi kama HARUSI ALIYOSEMA SHANGAZI, na wakati unafanya hivyo kunywa chai, ili usikumbuke vizuri ni ipi yenye dada na ni ipi isiyo naye. Siku ya kukabidhi, mpe shangazi ile yenye dada.

Ukilazimika kutumia tarehe, anza na siku: 3-8-2024, 12-7-2024. Kompyuta hupanga kwa kinachotangulia, kwa hiyo harusi ya tarehe 3 Agosti itakaa juu ya ile ya tarehe 12 Julai, na ya tarehe 3 mwaka huu itabanana na ya tarehe 3 ya miaka mitano iliyopita. Wako watu wanaoanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2024-07-12. Kuna hata kiwango cha kimataifa cha kuandika hivyo, ISO 8601. Kwa watu hao kila kitu hujipanga chenyewe, na maisha yao hayana msisimko wowote.

Hatua ya 4: Hariri ukiwa umetawanya

Uzuri wa programu za kuhariri, iwe Premiere au DaVinci Resolve, ni kwamba mradi wako hauna video ndani yake. Faili la mradi linakumbuka tu mahali video zilipo: diski gani, folda gani, jina gani. Hii ni fursa. Video za kanisani ziache kwenye kadi. Za ukumbini ziweke kwenye diski ya nje. Wimbo wa kuingilia maharusi uvute moja kwa moja kutoka kwenye folda ya vilivyopakuliwa, ule uliotumiwa na rafiki kwa WhatsApp. Picha za utotoni za bibi harusi zitumie zikiwa kwenye flashi ya dada yake.

Kisha mrudishie dada yake flashi. Toa kadi, ina kazi Jumamosi. Safisha folda ya vilivyopakuliwa maana kompyuta inalalamika nafasi. Ukifungua mradi Jumatatu, Premiere itakuonyesha sura nyekundu yenye tangazo kwa lugha kadhaa kwamba video haipatikani. Ni nyekundu ileile kuanzia maombi ya ufunguzi mpaka kukata keki. Kama unapenda kuongeza ladha, badilisha majina ya folda katikati ya kazi. Programu itaanza kutafuta kitu ambacho kipo palepale kwa jina lingine, na wewe utaanza kuilaumu kompyuta.

Hatua ya 5: Toa video kwa kubahatisha

Sasa tumefika penyewe. Kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, kuna kidirisha chenye vipengele vingi, na kila kimoja kiliwekwa na watu waliodhani kuna atakayekisoma. Hapa tulia kidogo, maana nafasi za kuharibu ni nyingi kuliko muda.

Anza na fremu. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za ukumbini hupwita mara 100 kwa sekunde. Anayerekodi kwa fremu 25 kwa sekunde, na shata ya 1 chini ya 50, huenda sambamba na taa na kupata picha iliyotulia. Wewe kamera moja iweke 25, ya pili iache 30 ilivyotoka dukani, na kazi nzima uitoe kwa 24 kwa sababu umesikia ndiyo ya sinema. Kwenye kamera ya pili mistari ya kiza itapanda ukutani nyuma ya maharusi. Bwana harusi naye atakwenda madhabahuni kwa kukwamakwama, na ukoo wa mke utabaki na hakika kwamba alikuwa anasita.

Halafu kuna bitireti, yaani kiasi cha data kinachotengewa kila sekunde ya video. Hesabu yake ni ya darasa la tano. YouTube inapendekeza megabiti 8 kwa sekunde kwa video ya kawaida ya 1080p. Biti 8 ni baiti 1, kwa hiyo hiyo ni megabaiti 1 kwa sekunde, 60 kwa dakika, gigabaiti 3.6 kwa saa. Harusi ya saa mbili ni gigabaiti 7 na kidogo. Mtu akijua hesabu hii anaweza kukadiria ukubwa wa faili kabla hajabonyeza chochote, ndiyo maana hutakiwi kuijua. Sogeza kipimo mpaka 100, upate gigabaiti 45 kwa saa ambazo runinga ya mteja itazitafuna kwa kukwama. Au kishushe mpaka 1, ili faili liwe jepesi. Wakati wa hotuba hakuna atakayeona tofauti kubwa, kwa kuwa mzee amesimama na ukuta umesimama. Utamu uko kwenye muziki: vimetameta vya gauni, karatasi za rangi zinazomwagwa hewani, na akina mama mia wa sare moja wanaoingia wakicheza. Hapo kila kitu kwenye picha hubadilika kila fremu, data haitoshi, na akina mama wote hugeuka miraba ya zambarau.

Kuhusu aina ya faili, mwambie mteja ni MP4 na uishie hapo. MP4 ni hotpoti: zikiwa mezani zote ni sawa, mpaka ufunue ndipo ujue ni pilau au makande. Kilichomo ndani ni kodeki, yaani namna video ilivyobanwa. H.264, iliyopitishwa mwaka 2003, hufunguka karibu kila mahali, kuanzia simu ya mlinzi mpaka runinga ya babu. H.265, ya mwaka 2013, hubana zaidi, karibu nusu ya ukubwa kwa ubora unaokaribiana, lakini runinga nyingi za zamani haziijui. Chagua H.265, kisha ulizia kama mteja ana runinga ya zamani. Kama ana mpya, usikate tamaa. Hatua ya sita ipo.

Kabla ya kubonyeza, angalia mita ya Luku. Ikisoma uniti mbili, ndiyo wakati wenyewe. Faili la MP4 kwa kawaida huandikiwa orodha yake ya ndani mwishoni kabisa, kwa hiyo umeme ukikatika kwenye asilimia 97 hupati asilimia 97 ya harusi. Unapata faili zito lisilofunguka.

Na likifika asilimia 100, usilitazame. Fundi anayeangalia kazi yake mwanzo hadi mwisho kabla ya kuitoa ataona kwamba sauti imetoweka dakika ya arobaini, au kwamba pale katikati kuna sekunde kumi za giza. Mwache mteja ayaone mwenyewe, sebuleni, mbele ya wakwe.

Hatua ya 6: Kabidhi kwa flashi ya bei nzuri

Kariakoo kuna flashi imeandikwa 2TB na bei yake haifiki ya sahani mbili za chipsi kuku. Nunua mbili. Ndani yake kuna nafasi ndogo sana, lakini imefundishwa kuidanganya kompyuta kwamba ni kubwa. Unanakili, mstari wa kijani unakwenda mpaka mwisho, majina ya mafaili yanaonekana yote na ukubwa wake. Ila kilichozidi nafasi halisi hakikuandikwa popote, au kimeandikwa juu ya kile cha mwanzo. Programu ndogo kama H2testw huijaza flashi yote na kuisoma tena, na udanganyifu hujulikana palepale, kwa hiyo usiwe nayo.

Ukipata flashi ya kweli, ifomati kwa FAT32. Mfumo huo haupokei faili moja linalofikia gigabaiti 4, hata kama flashi ni ya 64 na iko tupu. Mteja ataambiwa faili ni kubwa mno, ataangalia nafasi iliyobaki, ataangalia faili, atakuangalia wewe. Mwambie ni virusi. Anayejua hufomati kwa exFAT, au huikata harusi vipande vya chini ya gigabaiti 4 pale runinga inapokubali FAT32 peke yake.

Mteja akiwa mbali, tumia WhatsApp. Zingatia hapa: faili likitumwa kama hati, hufika kama lilivyo, na tangu 2022 linaweza kuwa hadi gigabaiti 2. Kwa hiyo usilitume kama hati. Litume kama video ya kawaida, libanwe, mteja alirushe kwenye kundi la ukoo, mwanaukoo aliyeko Muscat alipakue na kulirusha kundi lingine, na baada ya siku tatu likurudie wewe likiwa na ukungu, na mtu akuulize kama ndiyo kazi unayofanya siku hizi.

Hatua ya 7: Hifadhi mahali pamoja

Diski moja ya nje inatosha kwa harusi zote za maisha yako. Iweke mezani, kebo ikining'inia kwenye njia ya watoto. Usinunue ya pili. Fedha hiyo inatosha lenzi nusu. Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, aliwaharibia watu starehe kwa kanuni yake ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo. Ukibanwa na mteja msomi, mwambie unazo nakala mbili. Usimwambie kwamba zote ziko kwenye diski hiyohiyo, folda mbili tofauti.

Na kama ni lazima uwe na nakala ya akiba, usiijaribu kamwe. Mwaka 1998, filamu ya Toy Story 2 ikiwa bado inatengenezwa Pixar, mtu alitoa amri ya kufuta mahali pasipostahili na sehemu kubwa ya filamu ikayeyuka. Wakakimbilia nakala za akiba, wakakuta hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo na hakuna aliyejua. Filamu iliokolewa na mama mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa na nakala nyumbani kwa kuwa alikuwa amejifungua na akifanyia kazi huko. Studio nzima yenye mitambo ya kila aina, na ukombozi umetoka kwenye nyumba yenye mtoto mchanga. Jihadhari usiwe na mfanyakazi wa namna hiyo.

Hatua ya 8: Mteja anaporudi

Miaka imepita. Simu inaita, ni bibi harusi yule, sasa ana watoto wawili. Hapigi kulalamika. Bibi yake amefariki, wanaandaa arobaini, na wamekumbuka kwamba siku ile bibi alisimama, akamfunga kanga mjukuu wake na kusema maneno. Hakuna mwingine aliyewahi kumrekodi bibi akizungumza. Anaomba kipande hicho tu. Yuko tayari kulipa.

Hii ndiyo siku uliyokuwa ukiiandaa tangu ulipolala na kadi mfukoni. Majibu yapo ya kuchagua: kompyuta iliibwa, diski iliungua, kijana niliyekuwa naye aliondoka na kila kitu, sera yetu ni kufuta baada ya miezi sita, na ulipaswa kuambiwa. Jibu lolote utakalolitoa atalipokea kwa heshima, atasema asante kaka, atakata simu. Hatakugombeza. Watu hawagombani na fundi wakiwa msibani.

Kwa walioshindwa mafunzo haya

Kila darasa lina wazito. Kama umesoma mpaka hapa na bado huna moyo wa kupoteza, basi fanya uwezalo. Usiku uleule nakili kadi zote kwenye diski mbili, hesabu mafaili, linganisha ukubwa, na usifomati kadi mpaka nakala zote mbili zifunguke. Fungua folda moja kwa kila kazi, jina lianze na mwaka: 2024-07-12, halafu majina ya maharusi na mtaa. Ndani yake ziwemo folda za kila kamera peke yake, ya sauti, ya nyimbo na picha, ya mradi, na ya kazi zilizotoka. Usilete kitu kwenye programu kabla hakijaingia humo. Matoleo yape namba, 01, 02, 03, na kando andika kwenye faili la maandishi toleo lipi limebadilika nini, dada wa meza ya nne akiwemo.

Rekodi kwa 25, toa kwa 25, kwa H.264. Bitireti ipigie hesabu, na wanapocheza iongeze. Tazama kazi yote kabla haijatoka mlangoni. Ipime flashi. Diski ya pili ipeleke kwa dada yako au kwa mtu yeyote asiyekaa nyumba moja na wewe, na mara mojamoja ifungue uone kama bado inasoma. Andika majina ambayo kwayo mtu mwingine, asiyekujua na asiye na namba yako, anaweza kufungua diski hiyo na kuipata kanga ya bibi bila kuuliza.

Ukiyafanya hayo utakuwa umeanguka mtihani wetu vibaya sana. Simu ikiita utasema subiri kidogo, na kabla ya jioni kipande kitakuwa kimefika, kama hati. Adhabu yake unaijua: mteja atakusifia kwa ukoo mzima, utapewa harusi ya mdogo wake, na kamati itakuita kikaoni kukuomba upunguze bei.